Habari Mbaya Hufia Wapi?

Mhadhara wa hadhara kuhusu kuchunguza mawasiliano ndani ya taasisi



Mada niliyopewa ni uchunguzi wa mawasiliano ndani ya taasisi. Mtu ukimtajia mawasiliano ya ofisini, mawazo yake huenda kwenye barua, kikao, simu, na siku hizi kundi la WhatsApp. Vyuo vyetu vimekwenda na mawazo hayo hayo. Tunamfundisha kijana kuweka "Yah:" mahali pake, kuandika muhtasari wa kikao, kuhutubia bila kutetemeka. Akihitimu anaajiriwa kitengo cha mawasiliano, na kazi yake ya kwanza ni kumpiga picha mkurugenzi akikata utepe. Siidharau kazi hiyo. Ila hakuna hata moja kati ya stadi hizo inayotueleza inakuwaje taasisi yenye barua safi na vikao vya kila Jumatatu ianguke kwa jambo ambalo fundi wake wa chini alilijua tangu zamani, akalisema, na likaishia hewani.

Kwangu hapo ndipo penye elimu yenyewe. Amri kutoka juu haina shida ya kufika chini. Ina mhuri, ina dereva wa kuipeleka, na asiyeitii anajulikana. Habari njema nayo hupanda bila kusukumwa, kwa kuwa kila anayeipokea anapenda kuonekana ndiye aliyeileta. Kinachotaka mtafiti ni habari mbaya. Inaanzia kwa nani, inapitia mikono ya nani, na inafia mlango upi kabla ya kumfikia mwenye uwezo wa kufanya jambo? Leo nataka niwashawishi kwamba swali hilo moja lina uzito kuliko mengine yote tunayoyauliza katika taaluma hii.

Nianzie mbali, kwenye tukio ambalo kila hatua yake iliandikwa.

Jioni ya tarehe 27 Januari 1986 ulifanyika mkutano kwa njia ya simu uliounganisha sehemu tatu za Marekani: kiwanda cha kampuni ya Morton Thiokol huko Utah, kituo cha Marshall cha NASA, shirika la anga la Marekani, huko Alabama, na kituo cha kurushia vyombo cha Kennedy huko Florida. Kesho yake asubuhi chombo cha anga Challenger kilitakiwa kuruka, na utabiri wa hewa ulionyesha usiku wa baridi ya kugandisha maji. Thiokol ndio waliotengeneza roketi za kukisukuma. Roketi hizo ziliundwa kwa vipande vilivyounganishwa, na kwenye maungio kulikuwa na pete za mpira za kuzuia gesi ya moto isipenye. Mpira ukipigwa na baridi hukakamaa. Wahandisi wa Utah walilijua hilo. Mmoja wao, Roger Boisjoly, alikuwa ameshawaandikia wakubwa wake Julai 1985 akionya kwamba pete zile zinaweza kuleta maafa. Usiku ule wahandisi walipendekeza chombo kisirushwe kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 12 hivi za Selsiasi, kwa sababu hapakuwa na safari iliyowahi kurushwa kwenye baridi kali kuliko hiyo.

Maofisa wa NASA upande wa pili wa simu hawakuficha kukereka kwao. Thiokol wakaomba dakika tano za kujadiliana peke yao. Zikawa kama nusu saa. Humo ndani meneja mwandamizi, Jerald Mason, alimwambia mkuu wa uhandisi, Robert Lund, avue kofia ya uhandisi avae kofia ya menejimenti. Waliporudi kwenye simu, pendekezo lilikuwa limegeuka: rusheni. Allan McDonald, mwakilishi wa Thiokol aliyekuwa Florida, alikataa kutia sahihi, na sahihi ikabidi itoke Utah kwa faksi. Asubuhi chombo kikaruka. Baada ya sekunde 73 kikasambaratika na watu wote saba waliokuwamo wakafa.

Mpaka hapo hadithi inafanana na nyingi tunazozijua: wataalamu walisema, wakubwa hawakusikia. Tume ya Rogers iliyochunguza ajali ilikuta jambo jingine lenye faida zaidi kwetu. Viongozi wa juu wa NASA waliotoa ruhusa ya mwisho hawakujua kama kulikuwa na mkutano ule wa usiku. Kwa utaratibu wa NASA jambo lile lilikuwa la ngazi ya tatu, na ngazi ya tatu ilishalimaliza. Kilichopanda juu kilikuwa karatasi iliyotiwa sahihi. Ubishi uliotangulia sahihi ulibaki chini.

Mwanasosholojia Diane Vaughan alizama katika nyaraka za ajali hiyo miaka kadhaa na kuchapisha kitabu mwaka 1996. Wengi walitarajia angewaumbua mameneja walioweka ratiba mbele ya uhai wa watu. Alirudi na jambo zito zaidi. Pete zile zilianza kuonyesha kuungua tangu safari ya pili ya vyombo hivyo, Novemba 1981. Kila mara kasoro ilionekana, ikapimwa, ikajadiliwa, ikaonekana inavumilika, ikaandikwa kwenye taarifa, na safari iliyofuata ikapimwa kwa kipimo kipya kilichoruhusu kasoro hiyo. Watu hawakuvunja kanuni. Walizifuata, na kanuni zenyewe zikawapeleka kidogo kidogo mahali ambapo mtu mgeni angepiga kelele. Sisi hupenda hadithi ya bosi mwovu kwa sababu inatupa dawa rahisi ya kumfukuza. Vaughan anatunyima dawa hiyo.

Na ushahidi kwamba dawa hiyo haifai ulikuja miaka 17 baada ya Challenger. Januari 2003 kipande cha povu kilipiga bawa la kushoto la chombo kingine cha NASA, Columbia, muda mfupi baada ya kuruka. Wahandisi waliomba chombo kipigwe picha kikiwa angani ili waone ukubwa wa jeraha. Maombi hayo hayakutimizwa. Mhandisi Rodney Rocha aliandika barua pepe kali akisema uamuzi wa kutotafuta picha unakaribia kuwa wa kizembe, halafu hakuituma kwa wakubwa. Hakutaka kuwaruka waliokuwa juu yake. Tarehe 1 Februari chombo kilivunjika kikirudi duniani, na saba wengine wakafa. NASA ya 2003 ilikuwa na watu wengine, na ilikuwa na taarifa ndefu ya ajali ya kwanza kwenye kabati zake.

Wanafunzi wangu naomba muikumbuke barua hiyo isiyotumwa. Mtafiti anayekwenda ofisini na kuomba nakala za barua zilizotumwa amekusanya nusu ya ushahidi, tena ile nusu isiyo na shida.

Sasa najua kuna mtu humu ndani anasema moyoni: hayo ya Wamarekani, sisi kwetu tatizo ni heshima iliyopita kiasi. Shikamoo mzee, ndiyo mzee, sawa mzee. Hoja hii nimeisikia kwenye semina nyingi, mara nyingi ikitolewa na mtu aliyevaa suti mpya, na inanichosha. Kwanza, NASA hawaamkiani kwa shikamoo. Pili, ajali mbaya kuliko zote katika historia ya usafiri wa ndege ilitokea tarehe 27 Machi 1977 kwenye uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa zilipogongana kwenye ukungu na kuua watu 583. Rubani mkuu wa ndege ya KLM alikuwa mwalimu wa marubani, mtu mwenye jina kubwa katika shirika lake. Alianza kukimbiza ndege bila kuruhusiwa kuruka. Mhandisi wa ndege aliyeketi nyuma yake aliuliza kama ile ndege nyingine, ya Pan American, bado haijatoka njiani. Mkubwa akajibu kwa mkazo kwamba imeshatoka. Mhandisi hakuuliza tena. Wote walikuwa Waholanzi, watu wanaosifika dunia nzima kwa kusema wazi bila kupepesa macho.

Huku Afrika nako, usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways iliyokuwa ikirudi Nairobi ilianguka kwenye kinamasi cha mikoko muda mfupi baada ya kuruka kutoka Douala, Kameruni, na watu wote 114 wakafa. Rubani mkuu alikuwa na miaka 52, msaidizi wake 23. Taarifa ya uchunguzi ilitaja mambo kadhaa, kwanza kabisa kupotewa na udhibiti wa ndege gizani, na pia iligusa uhusiano wa wawili hao: mmoja mwenye sauti ya kutawala, mwingine mpole wa kutosema. Tukiiweka ajali hiyo kando ya ile ya Tenerife, inakuwa vigumu kulitupia lawama kabila au bara. Kinachojirudia ni umbali wa cheo katika chumba kidogo wakati muda umekwisha.

Mashirika ya ndege yalijifunza, na yalijifunza kwa kuchunguza mazungumzo yenyewe, maana ndege ina kifaa kinachorekodi sauti za marubani. Baada ya ndege ya United kuishiwa mafuta na kuanguka Portland Desemba 1978, rubani mkuu akiwa ameshughulika na hitilafu ya magurudumu na wasaidizi wake wakigusia suala la mafuta kwa woga, NASA iliitisha warsha mwaka 1979. Mwaka 1981 shirika la United likaanzisha mafunzo ambayo leo marubani wote wa biashara huyapitia: msaidizi anafundishwa kusema, na mkubwa anafundishwa kuuliza. Hawakuambiwa waache kumheshimu rubani mkuu. Walipewa maneno ya kutumia, na wakubwa wakapewa wajibu wa kuyasubiri.

Sisi nasi tuna njia zetu za zamani za kumfikishia mkubwa neno gumu. Mnyamwezi anaweza kumwambia Mzaramo msibani maneno ambayo ndugu wa damu hawezi kuyatamka, kwa sababu utani umempa leseni. Mke anaweza kuchagua kanga, na jirani akasoma ujumbe wake bila mtu yeyote kugombana. Swali la kitafiti ambalo sijaliona likichunguzwa vya kutosha ni je, leseni hizo huingia ofisini? Nani ni mtani wa mkurugenzi? Mara nyingi yupo, na mara nyingi ni dereva.

Hebu nichukue mfano wa kubuni, ingawa nadhani wengi mtautambua. Katika hospitali ya wilaya, mtambo wa kutakasia vifaa vya upasuaji umeharibika. Muuguzi wa zamu anamwambia muuguzi mfawidhi kwa mdomo: "Sista, ule mtambo umekufa, jana usiku tumechemsha vifaa kwenye sufuria." Muuguzi mfawidhi anaandika kwamba mtambo haufanyi kazi na njia mbadala inatumika. Katibu wa afya, anayejua kwamba fedha za matengenezo zilishaliwa na dharura nyingine, anaandika dokezo kwamba mtambo unahitaji matengenezo. Mganga mfawidhi, ambaye taarifa yake ya robo mwaka italinganishwa na za wenzake, anaweka mstari mmoja: pamoja na changamoto za vifaa, huduma za upasuaji ziliendelea kutolewa. Taarifa inafika halmashauri, na mkurugenzi mtendaji anasoma kwamba upasuaji unaendelea. Ni kweli unaendelea.

Tafuta mwongo katika mlolongo huo, humpati. Kila mmoja ameandika jambo linaloweza kuthibitishwa. Kila mmoja amepunguza ukali kidogo, kwa sababu aliyo nayo mwenyewe, nayo ni sababu inayoeleweka. Sufuria ilitoweka ngazi ya kwanza, kifo cha mtambo ngazi ya pili. Wanasaikolojia wawili, Rosen na Tesser, walionyesha mwaka 1970 kwa majaribio kwamba watu husita kufikisha habari mbaya hata pale wasipohusika nayo kwa lolote. Mjumbe hauawi, walisema wahenga. Na kila mjumbe aliyeisikia methali hiyo ameelewa kwamba kuna wenzake waliouawa.

Ndiyo maana takwimu za makosa zinahitaji kusomwa kwa tahadhari kubwa. Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alikwenda kwenye hospitali za Marekani kuchunguza makosa ya kuwapa wagonjwa dawa. Alitarajia wodi zenye ushirikiano mzuri na uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache. Alikuta wodi hizo ndizo zenye makosa mengi kwenye daftari. Alipochimba zaidi akaona kwamba katika wodi hizo watu hawakuogopa kusema, na katika wodi zenye muuguzi mkuu mkali makosa yalizikwa. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1996, na yangepaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi inayopanga vituo kwa ubora. Sanduku la maoni lililokaa tupu mwaka mzima, kufuli yake imeshika kutu, halithibitishi kwamba wateja wameridhika.

Wengine hawabaki kulalamika, wanaondoka. Mchumi Albert Hirschman alianza kuliwaza hilo akitazama reli ya Nigeria, na kitabu chake kikatoka mwaka 1970. Reli ilikuwa mbovu, malori yakaja, na wenye mizigo waliokuwa na sauti ya kupigania reli itengenezwe wakahamia kwenye malori. Reli ikabaki na wateja wasio na pa kwenda wala wa kuwasikiliza. Nadhani sihitaji kueleza inahusianaje na shule na hospitali zetu. Ndani ya ofisi ni hivyo hivyo: mfanyakazi mwenye jicho kali na cheti kizuri huomba uhamisho, na barua yake husema anaomba kwa sababu za kifamilia.

Historia yetu wenyewe hapa Tanzania ina hazina ya mambo haya, na inasikitisha kwamba wanafunzi wa mawasiliano huyaacha kwa wanahistoria. Mfumo wa wajumbe wa nyumba kumi ambao chama tawala, TANU, kiliuanzisha miaka ya 1960 ulikusudiwa kuwa njia ya pande mbili: sera ishuke mpaka kwenye baraza ya nyumba, na maoni ya wananchi yapande mpaka taifani. Watafiti walikwenda kuutazama, akiwemo Jean O'Barr aliyefanya kazi Upare. Alimkuta mjumbe akitumia sehemu kubwa ya juhudi zake kusuluhisha ugomvi wa majirani, kama wazee walivyofanya kabla yake. Watu walikuwa wameligeuza lile shina la nyumba kumi liwe kile walichokihitaji. Ukisoma waraka wa chama peke yake hutalijua hilo kamwe.

Halafu ukaja Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Ni nadra sana chama tawala kuweka kwenye maandishi namna bosi anavyotakiwa kumwongelesha mtu wa chini yake. Wafanyakazi wa viwandani walikisoma na wakakichukua kama kilivyo. Migomo iliyofuata, ambayo mwanazuoni Issa Shivji aliieleza katika kitabu chake cha 1976, mingi haikudai mshahara. Ilihusu kutukanwa, kudharauliwa, kufanywa si watu. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walifikia hatua ya kumfungia nje mwenye kiwanda na kukiendesha wenyewe. Serikali ya chama kilichokuwa kimeandika kifungu hicho ilianza kuona kinasomwa kwa bidii kuliko ilivyotaka. Mimi naisoma migomo ile kama uchunguzi wa mawasiliano ya taasisi uliofanywa na wafanyakazi wenyewe, kwa njia zao, na wenye matokeo yaliyo wazi kuliko tasnifu nyingi nilizosahihisha.

Nikitaja tasnifu, niseme la njia za utafiti. Wanafunzi wetu wengi wakitaka kuchunguza mawasiliano ofisini hutengeneza hojaji. "Je, mawasiliano katika taasisi yako ni mazuri sana, mazuri, wastani, mabaya?" Hojaji hugawiwa na ofisa utumishi, hukusanywa na ofisa utumishi, na matokeo yake ni kwamba mawasiliano ni mazuri. Makosa haya yalishafanywa na kusahihishwa karibu miaka 100 iliyopita. Katika kiwanda cha Hawthorne cha Western Electric, karibu na Chicago, watafiti walianza kuwahoji wafanyakazi mwaka 1928 wakiwa na orodha ya maswali: taa zikoje, msimamizi yukoje. Waliona kwamba mtu alijibu swali, kisha akarudi kwenye jambo lake. Mwaka uliofuata wakaiweka orodha kando, wakamwacha mfanyakazi aongee anachotaka. Mahojiano yaliyokuwa ya nusu saa yakafika saa moja na nusu. Mpaka kazi hiyo inasimama walikuwa wamesikiliza watu zaidi ya 20,000.

Na bado hawakuridhika, kwa sababu mtu anayeongea anaongea kwa mgeni. Kuanzia mwishoni mwa 1931 waliweka mtu mmoja akae katika chumba cha wanaume 14 waliokuwa wakiunga nyaya, akae tu, atazame. Alichokiona hakingetoka kwenye hojaji yoyote. Wanaume wale walikuwa wamekubaliana kimyakimya kiasi cha kazi kinachofaa kwa siku. Aliyezidisha alipigwa ngumi begani. Na kiasi kilichoripotiwa ofisini kilinyooshwa kiwe sawa siku hadi siku, aliyezidi leo akiweka akiba ya kesho. Meneja aliyekuwa akisoma jedwali lile safi alikuwa anasoma makubaliano ya wafanyakazi wake, huku akidhani anasoma uzalishaji.

Basi tufanyeje hapa kwetu? Ushauri wangu ni kufuata jambo moja kwa miguu. Chagua ombi moja la matengenezo, au lalamiko moja. Nenda masjala, ruhusa ikiwa mkononi, ufungue faili, usome dokezo moja baada ya jingine kwa tarehe zake, uone neno lipi limeongezwa, lipi limeondolewa, na faili lilikaa meza ya nani kwa muda gani. Halafu nenda kwa kila aliyetia sahihi umuulize alikuwa anajua nini ambacho hakukiandika. Mtu huyo huyo aliyejibu hojaji kwamba mambo ni mazuri atakueleza mambo ya kukushangaza, kwa kuwa sasa unamuuliza kuhusu kitu anachokijua, chenye kumbukumbu namba.

Ukishamaliza na faili, tafuta wasioandika. Dereva husikia mkubwa akiongea na simu kuanzia Dodoma mpaka Morogoro. Mhudumu anayepeleka chai anajua kikao kipi kilikuwa na kelele. Katibu muhtasi anajua ni nani anaingia bila kugonga. Keith Davis, aliyechunguza uvumi katika kampuni moja ya Marekani na kuandika matokeo mwaka 1953, aliona kwamba habari zisizo rasmi hazisambai ovyo: watu wachache ndio wanaozipeleka, na wengi huzisikia zikaishia kwao. Sisi tuna redio mbao, na ina watangazaji wake wanaojulikana. Wakubwa huikemea. Mtafiti akae karibu nayo aisikilize, kwa sababu redio mbao hupata nguvu pale njia rasmi ilipoziba, na mada zake zitamwonyesha palipoziba.

Kuna jambo moja la siku hizi ambalo linanivutia sana. Ofisi nyingi zina makundi mawili ya WhatsApp: moja lenye bosi, lenye salamu za asubuhi na pongezi, na jingine lisilo na bosi. Umbali kati ya makundi hayo mawili ni kipimo kizuri cha afya ya taasisi. Lakini hapa nawaonya. Mtafiti asijipenyeze kwenye kundi la pili kwa hila, wala asimtumie rafiki kumpigia picha za maongezi. Watu wanaweza kupoteza kazi. Aombe, na akinyimwa akubali. Kunyimwa nako ni taarifa, aiandike.

La lugha nalo, kwa kifupi, ingawa lingestahili mhadhara wake. Katika miradi mingi ya wafadhili jambo husemwa shambani kwa Kisukuma au Kihehe, linajadiliwa kikaoni kwa Kiswahili, na taarifa huandikwa kwa Kiingereza. Kila mpaka wa lugha ni ngazi nyingine ambayo maneno makali hulainishiwa, mara nyingi bila mtu kukusudia. Anayechunguza mawasiliano ya mashirika yetu bila kusikiliza lugha zote tatu anachunguza ghorofa ya juu tu.

Na mtafiti asijione yuko nje ya mlolongo. Taarifa yake nayo itapelekwa kwa mkuu wa taasisi, na mkuu ataomba rasimu aipitie, na rasimu itarudi ikiwa na mapendekezo ya kulainisha sura ya nne. Hapo ndipo atajua kama amejifunza somo lake. Allan McDonald alipoieleza tume habari za ule mkutano wa usiku, kampuni yake ilimwondoa kwenye nafasi yake, mpaka Bunge la Marekani lilipoingilia. Baadaye ndiye aliyesimamia kuundwa upya kwa maungio ya roketi zile.

Namalizia kwa ombi kwa wakuu wa taasisi mliomo humu. Miezi ijayo wanafunzi wa hapa watawaletea barua za utambulisho wakiomba kufuata faili moja katika masjala zenu. Barua hizo zitapokelewa getini, zitapigwa mhuri, zitapelekwa utumishi, zitaandikiwa dokezo. Tafadhali zitafuteni zifike mezani kwenu, na mzijibu ndani ya wiki mbili, hata kama jibu lenyewe ni hapana.